Wanyika Kabla ya Kuwa Wanyika

Kuna ubishi mmoja ambao haujapata kwisha kwenye vijiwe vya Makorora. Redio ikipiga "Pamela" au "Sina Makosa", hakosi kijana wa kusema, "Aisee, Wakenya hawa waliujua muziki." Na hakosi mzee, kikombe cha kahawa mkononi, wa kumrukia: "Wakenya gani wewe? Hao watoto wa hapa hapa Tanga." Hapo tena ni kelele mtindo mmoja, kila mtu na lake, mpaka adhana iwatawanye. Ubishi unaahirishwa, haukatwi. Basi tujaribu kuukata kwa maandishi, maana maneno ya barazani hubebwa na upepo.

Msimamo wangu ni huu. Kijana hajakosea sana, na mzee naye hajapatia sana. Jina la Simba Wanyika lilisimama Nairobi, na sahani zao za santuri zilitokea huko. Lakini bendi siyo jina wala sahani. Bendi ni mikono ya watu, na mikono ya wale ndugu walioanzisha Simba Wanyika ilizoea gitaa Tanga, miaka ya sitini, ndani ya Jamhuri Jazz Band. Tukitaka kujua kwa nini mikono iliyofundishwa kwetu ilikwenda kuvuna kwa jirani, lazima tuulize swali ambalo wapenzi wa muziki hawapendi kuuliza kwa sababu linanuka pesa: gitaa lilikuwa la nani?

JAZZ ISIYO JAZZ

Tuanze na neno lenyewe. Msomaji akisikia Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, anaweza kudhani nchi nzima ilikuwa inamsikiliza Louis Armstrong. Wapi! Kwa watu wetu jazz ilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye magitaa, saksafoni, tarumbeta na dramu. Muziki wenyewe ulikuwa rumba. Rumba hiyo ilitoka Kuba kwa santuri za HMV zenye herufi GV, zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya thelathini, ikapita Kongo, kisha ikaja kwetu ikiwa imeongezewa magitaa. Hata Franco na wenzake walipounda bendi yao Léopoldville mwaka 1956 waliiita OK Jazz, na hakuna aliyewauliza jazz iko wapi.

Nyuma ya jazz hiyo kulikuwa na beni. Wajerumani walipofungua shule yao Tanga miaka ya 1890 waliwafundisha wanafunzi kupuliza matarumbeta, na mji ukaonja raha ya shaba na kwata. Vijana wakaigeuza kwata kuwa ngoma. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, vikashindana pwani nzima, Tanga ikiwemo, kwa mavazi, kwa nyimbo za mafumbo na kwa vyeo vya kujipachika, mpaka wafalme na magavana. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye kitabu chake juu ya beni kilitoka mwaka 1975, alionyesha kuwa vyama hivyo havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama akiugua alitazamwa, na akifa alizikwa.

Hapo pana jambo la kushika. Ngoma ilikuwa mali ya chama, na mpigaji alikuwa mwanachama kama wengine. Klabu za dansi zilipokuja zilirithi tabia ile ile: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na vyombo vinavyofungiwa kwa kufuli baada ya dansi. Ufunguo wa kufuli hilo hakuwa nao mpiga solo.

MKONGE NDIO ULIOLIPA KIINGILIO

Historia ya muziki wa Tanga haiandikiki bila mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na inasimuliwa kwamba ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo ilizaliwa nchi nzima ya mashamba. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka Tanga.

Wenyeji wengi, wenye minazi yao na mahindi yao, hawakuikimbilia kazi ya kukata mkonge. Miiba ile haina huruma. Kwa hiyo wakataji walitoka mbali: Unyamwezi, Uha, Ubena, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Ndio hao tuliowaita manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa hata na ofisi yao ya kuwatafutia vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu walishuka kwenye treni na kwenye malori, na Tanga ikawa na msemo wake, waja leo waondoka leo. Lakini wengi walikuja leo na kesho yake bado wapo, na mwisho wa mwezi, mfukoni kukiwa na chochote, walitaka mahali pa kusahau miiba.

Mahali hapo ilikuwa dansi. Ndiyo maana bendi ambayo baadaye ilikuja kuwa Jamhuri Jazz ilianza miaka ya hamsini kwa jina la Young Nyamwezi. Jina lenyewe ni historia tosha. Fikiria: bendi inayopiga rumba ya Kuba, kwa magitaa ya Ulaya, katika mji wa pwani ya Waswahili, inajiita Wanyamwezi Vijana! Aliyekuja kukata mkonge kutoka Tabora alikuwa amejitengenezea nyumbani kwake hapa, na nyumbani huko kulikuwa na mdundo.

Kisha ikaja bendera nyingine. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na mwaka 1964 ikaungana na Zanzibar. Majina ya kikabila kwenye vyama vya mjini yakaanza kuonekana ya kizamani. Katika miaka hiyo ya sitini Young Nyamwezi ikavua jina la kabila ikavaa la taifa, ikawa Jamhuri Jazz Band. Wapigaji wale wale, kofia mpya.

MJI MMOJA, BENDI MBILI

Gitaa la umeme bila umeme ni ubao tu. Tanga ilikuwa na bahati. Maporomoko ya mto Pangani yalianza kuzalisha umeme mwaka 1936, kwa ajili ya mji na mashamba ya mkonge, na bwawa la Hale likafuata mwaka 1964. Mashine za kuchambua mkonge na amplifaya za dansi zilikunywa maji ya mto mmoja.

Na bendi haikuwa moja. Kulikuwa na Atomic Jazz, ya John Kijiko na ya mtunzi na mwimbaji Stephen Hiza, ambayo wimbo wake "Tanzania Yetu" ulirushwa na Radio Tanzania hata mtu wa Songea akaujua. Jina lao nalo ni la zama zake. Miaka ile baada ya vita kuu, neno atomiki liliwatisha watu na kuwavutia kwa pamoja, na kijana wa mjini alitaka bendi ilipuke. Tanga ilikuwa na Atomic na Jamhuri kama ilivyokuwa na Coastal Union na African Sports: huwezi kushabikia zote, na ukijaribu hutaaminika kokote.

Ushindani huo ulikuwa shule. Mpiga gitaa wa Jamhuri hakujipima na mtu wa Dar es Salaam asiyemwona. Alijipima na jirani yake, ambaye Jumamosi alipiga ukumbi wa pili na Jumapili walikutana sokoni.

Halafu kulikuwa na shule ya tatu, nayo ni taarabu. Zanzibar ilikuwa na okestra kubwa za fidla, kanuni na udi, kama Ikhwani Safaa iliyoanza mwaka 1905. Tanga hatukuwa na okestra ya namna hiyo, na ukosefu huo ukawa faida. Miaka ya sitini Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, waliingiza gitaa la umeme na besi ndani ya taarabu na kuipa mwendo wa dansi. Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, aliimba katika vikundi hivyo kwa sauti ambayo hadi leo haijapata mrithi. Taarabu hiyo ya vyombo vichache na mdundo mwepesi ikasambaa hadi Mombasa na kwingineko, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ikatoa mkusanyo wake kwa jina la Nyota.

Kwa hiyo kijana aliyekulia Ngamiani, Makorora au Msambweni miaka ile alikuwa na masikio yaliyokaa njia panda. Huku rumba ya Jamhuri, kule Atomic, na kwenye harusi za mtaani Black Star. Hakuambiwa achague.

MWAKA 1966

Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliingia Jamhuri Jazz. Walikuwa vijana, na bendi za enzi hizo zilikuwa na utaratibu wake kwa vijana. Hukuja na gitaa lako. Ulikuja na mikono mitupu, ukakaa karibu na wakubwa, ukabeba spika, ukaangalia vidole vya mtu. Siku mpigaji anaumwa ndipo ulipoitwa. Ukiharibu, unarudi kwenye spika. Ukipatia, wiki inayofuata unaambiwa, "Wewe bwana mdogo, hebu shika rithimu."

Mwaka huo huo wa 1966, katika mji mdogo wa Canterbury nchini Uingereza, vijana wengine walikuwa wanaanzisha bendi yao, Soft Machine. Hawa walichukua roki ya siku hizo, ile ya rangi rangi na njozi, wakaichanganya na jazz yenyewe hasa, ya kubuni papo hapo, na kufikia mwaka 1970 jazz ilikuwa imeimeza roki yao karibu yote. Tofauti inachekesha. Wao walikuwa na jazz ndani ya muziki ila siyo kwenye jina. Sisi tulikuwa nayo kwenye jina, siyo ndani ya muziki.

Lakini kuna kufanana kunakonivutia zaidi. Mpiga gitaa wao mmoja, Daevid Allen, alikuwa Mwaustralia. Mwaka 1967 bendi ilikwenda kupiga Ufaransa, na walipokuwa wanarudi yeye alikataliwa kuingia Uingereza. Akabaki Ufaransa, akaunda bendi nyingine, Gong. Jamani, afisa mmoja wa uhamiaji na mhuri wake alizaa bendi! Tunapenda kusema muziki hauna mipaka. Muziki hauna, ila mwanamuziki anayo, na mara nyingi mpaka ndio unaoamua bendi ipi izaliwe wapi. Hilo lilitokea kwa Waingereza, na likawatokea pia ndugu wa Kinyonga.

GITAA LILIKUWA LA NANI?

Sasa turudi kwenye swali letu. Gitaa la umeme, amplifaya, spika na seti ya dramu vilitoka ng'ambo. Kijana wa mshahara wa kibarua hakuweza kuvinunua hata angefunga mwaka mzima. Vyombo vilikuwa vya klabu, au vya mtu mmoja mwenye uwezo ambaye wanamuziki walimwita mwenye vyombo. Baada ya uhuru akaja mwenye vyombo mkubwa kuliko wote, yaani umma. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz mwaka 1970 chini ya kiwanda cha nguo, na majeshi nayo yakawa na bendi zao. Faida yake haikuwa ndogo: mshahara kila mwezi na heshima ya ajira. Hasara ni kwamba siku ukiondoka, unaondoka na vidole vyako tu.

Kuna jambo la pili. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kugonga sahani. Radio Tanzania ilikuita, ukarekodi, wimbo ukasikika toka Mtwara hadi Bukoba, nawe ukawa maarufu huku nauli ya basi huna. Biashara ya sahani ilikuwa Nairobi, kwenye makampuni, studio na mitambo. Ukitaka wimbo wako ugeuke kitu cha kuuzwa dukani, njia zote zilielekea huko.

Na jambo la tatu ni mkonge wenyewe. Baada ya mwaka 1964 bei yake ilianza kuporomoka, kamba za nailoni na jamii yake zikichukua nafasi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likafuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi. Siingii katika siasa yake hapa. Ninachosema ni kwamba mshahara wa shamba ndio uliokuwa kiingilio cha dansi, na mshahara ukipungua, ukumbi nao unapungua watu.

Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga wakaondoka Tanga. Hawakwenda Nairobi moja kwa moja. Walisimama Arusha, mji uliokuwa tayari makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1967, na huko, pamoja na ndugu yao wa tatu, William, wakawa Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka kuingia Kenya, na huko ndiko jina la Simba Wanyika lilikopatikana.

WALICHOBEBA

Kama hawakubeba gitaa, walibeba nini? Isikilize Simba Wanyika polepole, uache kidogo kucheza. Solo linasema jambo, gitaa la pili linalijibu, na rithimu inasuka chini bila kuchoka, kama mtu anayesuka ukili huku anazungumza. Hakuna chombo kinachompiga kumbo mwenzake. Nairobi ya miaka ya sabini ilikuwa imejaa Wakongo mafundi walioimba Kilingala, na watu waliwacheza bila kuelewa neno. Hawa wakaja na Kiswahili cha mtu wa pwani, kinachoeleweka na dereva, mama wa nyumbani na karani.

Na tazama namna ya kulalamika. Mpenzi ameondoka, pesa imekwisha, rafiki amegeuka, lakini mwimbaji hatukani. Anashitaki kwa adabu, anamwita aliyemkosea kwa jina zuri, anamwachia msikilizaji ahukumu. Hiyo, kwa masikio yangu, ni tabia ya taarabu iliyovaa suruali ya dansi. Haifundishwi Nairobi. Inatoka katika mji ambao rumba na Black Star vilisikika mtaa mmoja.

MPAKA UNAFUNGWA, BENDI INAGAWANYIKA

Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kwa mtu wa Tanga, ambaye Mombasa kwake ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, hicho kilikuwa kisu katikati ya mkeka. Ndugu walikatwa na ndugu, na sahani za watoto wetu wenyewe zikawa bidhaa ya kupenyezwa. Kilichovuka bila pasi ni mawimbi ya Sauti ya Kenya. Kizazi kizima cha Tanga kiliwajua Wanyika kwa sauti ya mtangazaji wa Kenya. Tusishangae kwamba kijana wa leo anawaita Wakenya. Ukweli haukufichwa na mtu. Ulifungiwa mpakani miaka sita.

Ndani ya miaka hiyo, mwaka 1978, bendi ikapasuka. Omar Shabani, fundi wa rithimu aliyeitwa Profesa, na wenzake wakatoka wakaunda Les Wanyika, ambako sauti ya John Ngereza na wimbo "Sina Makosa" vilifunika Afrika Mashariki yote. Baadaye George naye alitoka akaunda Jobiso, kisha akarudi kwa ndugu zake. Issa Juma akawa na Super Wanyika. Wanyika likawa jina la ukoo, kila tawi linadai shina. Sisemi kila mgawanyiko ulitokana na vyombo. Lakini tangu enzi za beni bendi zetu zilijengwa bila kuamua mapema mali ni ya nani, jina ni la nani na wimbo ni wa nani, na jambo lisiloamuliwa siku ya harusi huamuliwa siku ya talaka.

Simba Wanyika walifika hadi Ulaya, na albamu yao Pepea ilitolewa Uholanzi mwaka 1992. Mwaka huo huo George alifariki. Mwaka 1994 bendi ikavunjika, na mwaka 1995 Wilson akamfuata nduguye. Baadaye Omar Shabani na John Ngereza nao walikwenda.

KAZI ILIYOBAKI

Basi ubishi unakatwaje? Simba Wanyika ni bendi ya Nairobi iliyotengenezwa kwa mafunzo ya Tanga, na mafunzo hayo yalilipwa na mkata mkonge aliyetoka Unyamwezi, Uha na Msumbiji. Tukisema ni ya Kenya tu, tunamsahau mwalimu. Tukisema ni yetu tu, tunasahau kwamba sisi hatukuwa na gitaa la kuwapa wala kiwanda cha kugonga sahani yao.

Mikanda ya Jamhuri na Atomic iliyorekodiwa na Radio Tanzania imo katika hazina ambayo leo iko chini ya TBC, na hiyo ni sauti. Mambo ambayo mkanda hauyahifadhi yamo katika vichwa vya wazee, nao wanapungua kila msiba. Vijana wenzangu mnaoandika, Tanga hakuna upungufu wa mashairi ya mapenzi na mbalamwezi. Hebu kila mmoja wetu achukue daftari aende kwa mzee mmoja wa mtaani kwake, asimuulize wimbo gani ulikuwa mtamu, maana atajibiwa kwa kuimbiwa. Amuulize nani alikuwa na ufunguo wa stoo ya vyombo. Kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na usiku ukiisha kiligawanywa vipi. Mpiga dramu aliitwa nani, na mchana alifanya kazi gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo miaka ya mwanzo ya bendi, na hayajaandikwa.